Mishale Iliyomngoja Shahidi

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa sita, baada ya misa ya pili, Tantine Victorine alivua viatu vya kanisani, akakaza kikwembe kiunoni, akatoka kwa mlango wa jikoni na upinde wa marehemu baba yake. Bukari ya unga wa mahindi ilikuwa imeshaiva na kufunikwa kwa sahani. Sombe ya majani ya muhogo ilikuwa ikitokota taratibu juu ya mbabula ya makaa. Elisée, mtoto wa kaka yake, alikuwa amesimama getini akijibu ujumbe kwenye simu. Bénie, binti wa pekee wa Tantine, alikuwa akipanga vikombe chini ya paillote, kibanda cha majani walikozoea kulia chakula cha Jumapili.

Tantine aliweka mshale mmoja, akavuta, akaachia. Mshale ulitoka vizuri, ukaelekea kwenye mgomba mwisho wa kiwanja. Ulipofika hatua saba ulisimama hewani. Haukuanguka wala haukurudi. Ulikaa pale pale, ncha ikiutazama mgomba, manyoya yakitikisika kidogo kila upepo ulipopita.

Tantine aliutazama kwa muda mfupi.

"Iko inangoya," alisema, akaingia ndani kugeuza sombe.

Bénie aliona mshale umekatiza njia ya kutoka getini kuja paillote. Akatafuta kipande cha kitambaa chekundu, akakifunga kwenye kijiti cha mshale ili wageni wasijigonge. Mshale ulikuwa juu kidogo ya kilemba cha Tantine, maana mama huyo ni mfupi, lakini kwa Elisée ulikuwa sawasawa na paji la uso. Elisée aliweka simu mfukoni, akainama, akapita chini yake, akaketi, akala. Hakuuliza mshale ulikuwa unangoja nini. Alijua.

Nyumba ile ya Bel-Air, mtaa wa Lubumbashi, ina desturi yake, na desturi hiyo ilitoka Pweto pamoja na mzee Chishimba, baba yake Victorine. Mzee Chishimba alikuwa mtu wa reli. Kwa miaka thelathini alikaza boliti, na siku za mapumziko alirudi kwao kando ya ziwa kuwinda. Kwake yeye, aliyepiga mshale haendi kuuokota. Anayekwenda ni shahidi. Shahidi huuchomoa mshale, huurudisha kwa mikono miwili, na husema neno moja tu: "Niliona." Hapo ndipo pigo linapokuwa limekwisha. Mwindaji asiye na shahidi, hata arudi na mbawala mabegani, alihesabiwa kuwa ameokota mzoga njiani. Na shahidi husema mara moja. Akishasema, limekuwa hilo, hata kama kesho yake angetamani kusema lingine.

Mtoto wa kiume wa mzee, yaani baba yake Elisée, hakupenda kuamka mapema. Kwa hiyo aliyetembea na mzee kama shahidi wake alikuwa Victorine. Miaka kumi alichomoa mishale na kusema "niliona", na kwa kuona huko akajifunza kupiga. Mama wakubwa wa ukoo walinung'unika kwamba msichana hashiki upinde. Kisha aliua kanga sita, nao wakala wakanyamaza.

Pigo kubwa la mzee Chishimba liliitwa mlio mmoja. Unashika mishale mitatu kwa mkono ule ule unaovuta, katikati ya vidole, ili usipoteze muda kwenda kwenye podo. Wa kwanza unaupiga juu sana. Wa pili unaupiga chini kidogo ya hapo. Wa tatu unaupiga moja kwa moja. Ukipima vizuri, yote mitatu inafika pamoja, na anayesikiliza husikia mlio mmoja. Mzee alilitumia kwa kanga, kwa sababu kanga wakisikia mishale mitatu ikija kutoka pande tatu za hewa hawajui wakimbilie wapi. Alipokufa, mtu aliyebaki duniani akilijua alikuwa Victorine, muuza samaki wakavu, na mabega yake yalikuwa yameanza kuuma.

Elisée naye alikuwa mwalimu wa fizikia. Angeweza kulieleza pigo hilo ubaoni kwa dakika tano, pembe zake na muda wake, na kila mwaka alilieleza kweli, ila alisema mawe badala ya mishale. Tantine ndiye aliyemlea tangu ana miaka minne, baba yake alipokwenda kuchimba madini Kambove na kukawia huko. Jina lake kamili lilikuwa Elisée Chishimba, na kwa kuwa alibeba jina la mzee, Tantine alimwita Baba. Alimwita hivyo akimpangusa kamasi, akamwita hivyo alipopata diploma. Sokoni watu wasiojua walishangaa kumsikia mama mzima akisema Baba yangu anapenda kichwa cha samaki.

Zaidi ya ualimu, Elisée alikuwa na ukurasa kwenye mtandao, Macho Wazi, uliofuatwa na watu elfu arobaini. Kazi ya ukurasa ilikuwa kuwaumbua waongo. Mchungaji aliyetembea juu ya maji, Elisée alionyesha meza iliyofichwa chini ya maji. Mbuzi aliyesema Kifaransa, Elisée alimtafuta mwenye sauti mpaka akampata. Alizungushia uongo duara jekundu, na watu waliyapenda maduara yake. Ilikuwa kazi nzuri, tusimnyime haki yake. Wako watu walioponea kwake.

Mwezi wa tano Bénie alichukua video. Tantine yuko peku, kikwembe kimekazwa, nyuma yake samaki wa Pweto wamening'inia kwenye kamba. Anapiga mishale mitatu, na mgomba unalia mara moja. Kwenye sekunde ya tisa simu ya Bénie iliita, mteja wake akitaka kusukwa nywele, picha ikakatika kidogo na kuendelea. Upande wa kushoto, pembeni kabisa, kinaonekana kiwiko cha mtu aliyevaa shati la buluu. Kiwiko hicho ni cha Elisée. Siku hiyo shahidi alikuwa yeye.

Alikwenda kwenye mgomba, akachomoa mishale. Lakini aliporudi, Bénie alikuwa ameshaanza kuwaonyesha majirani ile video, na wote walikuwa wamekusanyika kwenye simu kutazama kitu kilichotokea mbele yao dakika moja iliyopita. Elisée naye alitaka kuona. Alimkabidhi Tantine mishale kwa mkono mmoja, macho yake kwenye simu, neno halikutoka. Tantine alibaki amenyoosha mikono miwili kwa muda.

"Utasema kisha, Baba," alisema, akairudisha mishale kwenye podo mwenyewe.

Bénie aliiweka video mtandaoni, na kwa siku nne ikaenda mbali kuliko mtu yeyote wa familia ile alivyowahi kwenda. Siku ya tano bwana mmoja wa Liège, huko ng'ambo, mwenye ndevu na vikombe vya ushindi wa upinde kabatini, aliijibu kwa dakika kumi na nane. Alisema upinde ule ni laini na hauwezi kuua hata njiwa. Alisema vitabu vya zamani havionyeshi mtu yeyote wa sehemu zile akishika mishale kwa mkono unaovuta. Alisema picha imekatwa kwenye sekunde ya tisa, na kati ya hapo na hapo mtu angeweza kwenda kuchomeka mishale mgombani kwa mkono. Aliuliza pia mama huyu alikosa mara ngapi kabla ya kupata hii moja. Hakuwa mtu mwenye roho mbaya. Alisema tu kwamba akipatikana mtu mzima mwenye jina, aliyekuwepo, atanyamaza.

Wafuasi wa Macho Wazi wakaanza kuandika. Kaka Elisée, wewe uko Lubumbashi, tuambie. Siku tatu waliandika hivyo.

Wiki hiyo hiyo alifika nyumbani bwana Hénoc, kijana mwenye begi, kutoka mradi mmoja wa kurekodi ufundi wa wazee. Alikula samaki, akasifu, akatoa fomu. Mradi ulitaka kuja na kamera nzuri, kumrekodi Tantine kwa wiki nzima, na kuandika jina la mzee Chishimba kwenye kitabu pamoja na pigo lake, ili vijana wafundishwe. Kwa sababu ya maneno ya mtandaoni, walihitaji kitu kimoja tu, sahihi ya shahidi mmoja. Mwisho wa kuirudisha fomu ulikuwa mwisho wa mwezi wa nane.

Tantine alimpa Elisée ile fomu kwa mikono miwili.

"Baba, andika pale. Ni jina yako na ya mwenye jina."

"Weka tu, Tantine. Nitaandika."

Aliiweka ndani ya kitabu cha fizikia. Alikuwa amealikwa Kinshasa, kwenye semina ya wanaohakiki habari, azungumze kama mtaalamu. Watu wa huko wangetazama ukurasa wake. Wangekuta mtu anayeumbua miujiza ya wenzake na kuapa kwa muujiza wa shangazi yake, tena shangazi mwenyewe yuko peku, na samaki wanarukiwa na nzi nyuma yake. Elisée alijiambia kwamba mhakiki hatoi ushahidi kwa ndugu. Hiyo ni kanuni nzuri, na kama angeishia hapo na kunyamaza, huenda ingemwokoa. Lakini ukweli ni kwamba aliona haya. Alimwonea haya mama aliyemlea, akaipa haya hiyo jina la kanuni.

Siku ya Alhamisi alichapisha uchambuzi. Uliitwa Mama Montage wa Bel-Air, yaani mama wa video ya kuungaunga. Maduara mekundu yalikuwa manne: moja kwenye sekunde ya tisa, moja kwenye upinde, moja kwenye kivuli, moja kwenye mgomba. Ili maduara yaonekane vizuri aliikata picha pembeni, na kwa kuikata hivyo kiwiko chenye shati la buluu kilitoka. Mwishoni aliandika: "Hakuna shahidi yeyote aliyeona." Watu elfu tisa walipenda. Bwana wa Liège alimshukuru kwa ujasiri wake.

Jumapili iliyofuata ndipo mshale wa kwanza uliposimama.

Jumapili ya pili Tantine alisogea nusu hatua kando ili asiugonge ule wa kwanza, akapiga wa pili. Nao ukasimama hatua ya saba, sambamba na mwenzake. Podo lilikuwa na mishale kumi na miwili, na kila Jumapili baada ya misa alitoa mmoja. Papa Kasonde, mkubwa wa avenue yao, alikuja na daftari lake kwa sababu jirani mmoja alikuwa amelalamika kwamba watoto wake wanarukia vitambaa vyekundu.

"Mama Victorine, ile bintu iko ngapi sasa?"

"Iko ine, Papa Kasonde."

"Itaanguka siku gani?"

"Mwenye neno akisema."

"Mwenye neno ni nani?"

Tantine alimwangalia Elisée, kisha akaangalia pembeni, kwa sababu hakutaka kumwaibisha mbele ya mgeni. Papa Kasonde aliandika: mishale minne, imesimama, haisumbui. Akaomba maji ya kunywa, akaenda zake.

Familia ilizoea. Bénie aligundua kwamba mshale mmoja unaweza kubeba shati lililolowa, na miwili inabeba shuka. Suruali ya jeans iliuinamisha kidogo, lakini ikitolewa uliinuka tena. Msimu wa kiangazi nguo zilikauka upesi pale kuliko kwenye kamba. Tantine, kwa ufupi wake, alipita chini yake amesimama wima, sufuria mkononi, bila hata kuangalia juu.

Elisée alijaribu kuikagua, kama ilivyo kazi yake. Siku moja alipitisha mkono juu ya mshale, akapitisha chini, akachukua kitanzi cha waya na kukipitisha kutoka ncha hadi manyoya, akitafuta uzi. Hakukuwa na uzi. Bénie alikuwa akianua nguo, akamtazama mpaka akamaliza.

"Yaya Elisée, unatafuta nini?"

"Hakuna. Naangalia tu."

"Ile kiwiko, ile coude ya chemise bleue, iko ya nani?"

"Bénie…"

"Uliikata. Miye njo nilichukua ile video, najua kila kitu yenye kuwa mule. Ulikata mukono yako mwenyewe."

"Nilirecadrer tu, nilipunguza pembeni. Picha ilikuwa kubwa."

"Uko na haya na mama, njo hivi." Alikunja shuka mara nne, akaliweka kifuani. "Yeye anakuwekeaka kichwa ya samaki kila dimanche, tukitoka misa."

Elisée alikiacha kitanzi cha waya chini. Akaenda kunawa mikono ambayo haikuwa na uchafu.

Mwezi wa saba alikwenda Kinshasa. Aliposimama mbele ya ukumbi alitakiwa kutoa mfano wa kazi yake iliyo bora, na uliokuwa tayari kwenye mashine ulikuwa ule wa Mama Montage. Angeweza kuuruka na kuweka wa mbuzi. Aliuonyesha. Watu walicheka kwenye duara la tatu, wakapiga makofi mwishoni. Mama mmoja alimwuliza kama kuna uwezekano kwamba huyu muuza samaki anajua kweli anachofanya, na Elisée akasema, "Hakuna ushahidi." Alipewa cheti chenye fremu.

Aliporudi alipitia sokoni kumwona Tantine, cheti kikiwa kwenye begi. Kabla hajafika kwenye meza yake alisikia mteja akiita, "Mama Montage! Hii samaki nayo iko kweli ao iko montage?" Wauzaji wenzake walicheka. Wiki za kwanza Tantine alikuwa akiwajibu, na majibu yake yalikuwa makali. Baadaye alikuwa akinyamaza. Siku hiyo alisikia jina hilo, akageuka kama mtu aliyeitwa kwa jina lake, akauliza, "Unataka ngapi?" Elisée alirudi nyuma, akajificha kwenye safu ya wauza vitunguu mpaka mteja akaondoka. Kisha hakwenda kwenye meza. Alitoka kwa lango la upande wa pili. Njia nzima alisikia jina lile, na alijua nani alilitunga.

Jumapili hiyo ilikuwa ya nane. Alimfuata Tantine jikoni, akafunga mlango nyuma yake. Tantine alikuwa akitwanga karanga.

"Tantine. Niliona."

"Uliona nini, Baba?"

"Mishale. Yote tatu. Nilionaka na macho yangu, na nilisikiaka mlio moja."

Tantine aliendelea kutwanga. "Sasa unaniambia miye juu ya nini? Miye nilikuwa pale. Miye njo nilipiga."

"Nilitaka ujue."

"Haukusemaka mu jikoni, Baba. Ulisemaka mbele ya bantu mingi." Aliinua mchi, akauelekeza dirishani. "Bale bantu njo bako na neno yako mu mifuko yabo. Kama unataka kulitwala, kwenda kulitwala kwabo."

Elisée alitazama dirishani. Mishale minane ilikuwa imetulia na shati la Bénie juu ya ule wa tatu. Haikuwa imeshuka hata kidole kimoja. Alisema atafanya hivyo wiki ijayo. Wiki iliyofuata shule zilikuwa zinatoa matokeo, na nyingine kulikuwa na msiba wa mwalimu mwenzake, na nyingine kampuni moja ilikuwa imemwandikia kuhusu ukurasa wake. Sababu zote zilikuwa za kweli. Fomu ilikuwa bado ndani ya kitabu cha fizikia, kwenye sura ya vitu vinavyorushwa.

Mshale wa kumi na mbili ulisimama Jumapili ya tatu ya mwezi wa nane. Tantine alitia mkono kwenye podo, akalikuta tupu, akalitundika ndani nyuma ya mlango. Aliweka upinde chini, akaufungua uzi wake, akaukunja na kuutia kwenye kopo la chumvi. Alisugua bega la kulia. Elisée alimwona akifanya hayo yote, akaisogeza sahani ya bukari kando.

Kesho yake mchana alijirekodi. Alivaa lile shati la buluu. Alisimama katikati ya kiwanja, mishale kumi na miwili ikiwa nyuma yake, akasema jina lake lote, Elisée Chishimba. Alisema kwamba yeye ndiye kiwiko. Alionyesha picha nzima isiyokatwa. Alieleza mteja wa Bénie na sekunde ya tisa, alieleza pembe tatu na mlio mmoja, akasema, "Mama huyu ni shangazi yangu, na niliona haya. Niliona mishale. Niliona." Hakuirudia video. Aliichapisha hivyo hivyo, na mishale ilibaki ilipokuwa.

Wafuasi waliitazama kwa makini, kama alivyowafundisha. Ndani ya saa moja mmoja wao alizungushia duara jekundu mishale ya nyuma: nyuzi za kuvulia samaki, hazionekani kwenye kamera ya simu. Mwingine alizungushia kiwiko na kusema rangi ya buluu ya shati la leo si ile ya mwezi wa tano, maana kati ya hapo lilikuwa limefuliwa. Wa tatu alisema wazi kwamba Kaka Elisée ameshikwa na ukoo, na kwamba macho yake kumtazama mtu pembeni ni ishara ya kulazimishwa. Watu elfu kumi na mbili walipenda hilo. Bwana wa Liège aliandika kwa upole kwamba shahidi aliyesema hakuna shahidi si shahidi. Chini ya yote, watu walikuwa wakiandika neno moja, wakilipanga safu kwa safu: montage.

Jumanne ya wiki iliyofuata alitia sahihi fomu, akaipeleka mwenyewe kwa miguu, siku nne kabla ya mwisho. Bwana Hénoc aliipokea kwa adabu. Jibu lilifika wiki mbili baadaye, karatasi tatu zilizobanwa pamoja. Ya kwanza ilimshukuru mama Victorine na kusema kwamba, kutokana na mashaka mazito yaliyotolewa na mtaalamu wa hapa hapa Lubumbashi, mradi umeona afadhali kuendelea na ufundi mwingine. Karatasi mbili zilizobaki zilikuwa uchambuzi wa mtaalamu huyo, umechapwa kwa rangi. Maduara manne mekundu yalitoka vizuri sana.

Tantine alisoma karatasi ya kwanza yote. Za nyuma alizigeuza tu, akatazama picha yake mwenyewe ambayo haina kiwiko. Alizikunja, akazitia kwenye lile kopo la chumvi pamoja na uzi wa upinde.

"Tantine, nitaenda kuwaona tena. Nitamwambia Hénoc…"

"Bon," alisema Tantine. Hakuwa amekasirika. Alichukua sufuria ya sombe, akakuta Elisée amesimama mlangoni. "Elisée, sogea, nipite."

Tangu abatizwe hakuwahi kusikia jina hilo kinywani mwa shangazi yake. Alisogea.

Mishale iko pale mpaka leo, maana shahidi husema mara moja. Ukipita avenue hiyo Jumapili baada ya misa ya pili, geti likiwa wazi, utaiona, kumi na miwili, yenye vitambaa vyekundu vilivyofifia kwa jua, na mara nyingi kuna nguo juu yake. Papa Kasonde huihesabu mara moja kwa mwezi na kuandika kwamba haisumbui. Elisée huja kila Jumapili. Ukurasa aliufunga, fizikia anaendelea kufundisha. Akiingia getini huinama chini ya mshale wa kwanza, akainuka, akainama chini ya wa pili, na hivyo mpaka wa kumi na mbili, kwa sababu ni mrefu na njia ni hiyo moja. Majirani wanaomwona hivyo wanasema vijana wa siku hizi hawajui tena kumsalimia mzazi, lakini huyu mwalimu anamheshimu shangazi yake.

Tantine humngoja chini ya paillote, kichwa cha samaki kiko kwenye sahani yake.

"Elisée, kuya kula," humwambia. "Bukari itapola."